Nafasi ya Sauti ya Pili

Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2023, saa nane kasoro robo mchana, ndipo mambo yote yalipoharibika. Siku hiyo tulimzika mke wangu, Elisifa, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huku Old Moshi, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, na alizikwa vibaya. Sisemi jeneza lilikuwa baya, wala sisemi chakula hakikutosha. Chakula kilitosha na kingine majirani wakabeba. Ninasema wimbo.

Sisi Walutheri wa mtaa wetu tuna desturi moja, sijui kama mitaa mingine wanayo. Mwanakwaya akifa, kwaya inamwimbia kaburini wimbo wa kuaga, beti nne. Tatu za kwanza wanaimba wote. Ubeti wa nne, sauti ya marehemu inaachwa. Kama alikuwa sauti ya kwanza, wote wa sauti ya kwanza wanafunga midomo. Kama alikuwa besi kama mimi, besi tunanyamaza. Na mahali pake kwenye mstari panaachwa wazi. Unausikia wimbo unatembea na shimo ndani yake. Ukishaisha, yule aliyekuwa jirani yake kwenye kwaya anasogea hatua moja, anasimama pale pa marehemu, na anaimba peke yake mstari mmoja wa ile sauti iliyoachwa. Hapo marehemu amekwenda na nafasi imefungwa. Babu yangu aliagwa hivyo. Mama yangu aliagwa hivyo.

Elisifa aliimba sauti ya pili miaka thelathini na mmoja, ile sauti ya chini ya wanawake, ambayo watu hawajui kwamba wanaisikia.

Sasa asubuhi ya mazishi akaja Eliufoo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Akanikuta nimekaa nje ya zizi. Akasema kwaya ya zamani tumebaki watu wachache na kikohozi, mchungaji ana mazishi mengine upande wa juu baada ya haya, na vijana wa kwaya ya Godlove wamekwisha kuurekodi wimbo wa kuaga studio kule Pasua mjini, umewekwa biti, umepangwa vizuri, unakwenda dakika nne tu. Utapigwa kwenye spika na vijana wataufuatisha. Nikamwambia hapana, mke wangu ataimbiwa na watu wenye pumzi. Akanishika bega.

"Baba Doris, wewe umefiwa. Pumzika. Mambo haya tuachie sisi."

Tuachie sisi. Mfereji wetu wa maji tuliwaachia wao, ukakauka. Kahawa tuliwaachia wao, tukaishia kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Na siku ile, kwa kuwa kichwa changu hakikuwa changu, nikawaachia na mke wangu.

Wakasimamisha spika mbili kando ya zizi. Vijana wakapanga mstari, maiki mikononi, na nyingine hata hazikuwashwa, niliona. Ngoma ya mashine ikaanza. Watu wakatikisa vichwa kidogo, maana ni biti ya kutikisa vichwa, msiba au si msiba. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu nikasikia chini ya sauti za vijana kuna mwanamke mtu mzima anaimba.

Elisifa alikuwa na kawaida yake ya kuchelewa kidogo kwenye neno la mwisho, kama mtu anayefunga kwanza mlango wa jikoni ndipo aje. Nimeisikia hiyo miaka thelathini na mmoja kutoka mstari wa nyuma. Winfrida, aliyekuwa akisimama jirani yake kwaya, akanikamata mkono wa koti.

Ukaja ubeti wa nne, ule wa shimo. Shimo halikuwepo. Elisifa akauimba wote, wazi kuliko zile beti nyingine, na jeneza lake linateremka kwa kamba. Ng'ombe aliyekuwa akimkamua kila siku akainuka akageukia kwenye spika, masikio mbele. Mchungaji akasema amina. Hakuna aliyesogea hatua, maana kwaya yetu haikuwa imesimama. Udongo ukaanza kuingia.

Jumatatu nilikwenda kwa Eliufoo na bakora yangu, na sikuibeba ya kutembelea tu. Yeye hakuwepo. Alikuwepo binti yake, Gladness, ambaye ndiye mpiga kinanda wa vijana. Akanipa shikamoo na kiti. Nilipomuuliza walikoipata sauti ya mke wangu, akaanza kulia kabla sijamaliza. Akanieleza kwamba Elisifa alikwenda nao studio Pasua, Alhamisi tatu, mwezi wa nane. Vijana walikosa mtu wa sauti ya pili anayeweza kuishika, ndipo akajitolea mwenyewe. Wimbo wenyewe hakuujali ni wa nini. Ulikuwa wimbo anaoujua.

Alhamisi tatu. Mimi aliniambia anateremka kliniki ya presha.

"Mama alisema usiambiwe, baba," Gladness akasema. "Alisema utanuna mwezi mzima. Alicheka sana siku zile. Alisema ile biti inamwasha miguu."

Nilirudi nyumbani sijui kwa njia gani. Mimi nilikuwa nimesema mbele ya mkutano, yeye akiwa amekaa ubavuni kwangu, kwamba muziki wa mashine ni takataka mbele za Mungu. Alikuwa ameitikia kwa kichwa. Na kumbe miguu inamwasha.

Sasa sikiliza hili. Gladness aliapa kwamba Elisifa alirekodi wimbo mmoja tu. Lakini Jumapili iliyofuata vijana walipopiga nyimbo zao nyingine kutoka kwenye flashi, alikuwemo. Jumapili nyingine, alikuwemo tena. Nyimbo zao wala hazina sauti ya pili, wote wanaimba mstari mmoja, maneno matatu yanazunguka kama ng'ombe kwenye kigingi. Lakini chini yake unamsikia, anaichagua njia yake polepole, na kwenye neno la mwisho anachelewa. Mwezi wa kwanza vijana wakatunga wimbo mpya kabisa. Akauimba na huo, wakati yeye amekufa Oktoba.

Watu wakaanza kuja kutoka mitaa mingine kusikiliza. Wa kwetu wakaanza kupungua. Kina mama wakawa hawakai mabenchi ya upande wa dirisha, karibu na kwaya. Mimi nilikuwa nakuja mapema, nakaa palepale. Sitaki kusema uongo: nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa sikosi.

Mwezi wa tatu mchungaji akaitisha mkutano baada ya ibada. Ukageuka ugomvi uleule wa siku zote. Isack, mwalimu wetu wa kwaya ya zamani, akasema mambo haya yameletwa na biti, akasema Mungu si kiziwi hata apigiwe ngoma ya kutingisha vioo. Godlove, kiongozi wa vijana, akamjibu kwa adabu yote kwamba wazee wanaimba kama wanasukuma lori lililokwama, na watu wakacheka, hata wa kwetu. Mama Ndelilio wa kwaya yetu akasimama akasema afadhali lori, linafika. Ninyi mnazunguka palepale mpaka mtu anapata kizunguzungu na kudhani ni Roho. Godlove akasema vijana wanateremkia makanisa ya mjini yenye vyombo, na siku moja Mama Ndelilio atayaimbia mabenchi matupu. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu mabenchi tulikuwa tunayaona.

Mchungaji aliwaacha mpaka wakachoka. Ndipo akasema, taratibu, kama anazungumza na watoto, "Tatizo si biti wala si kitabu cha nyimbo. Tatizo kuna anayeimba hapa ndani na hatumwoni."

Akaeleza walichopanga na Eliufoo. Kule studio kila sauti imehifadhiwa peke yake, kwa hiyo ya Elisifa inaweza kuondolewa na nyingine zikabaki. Wataiondoa, kisha wataupiga ule wimbo wa kuaga kanisani, na ubeti wa nne utakuwa na shimo lake kama desturi inavyotaka. Atakuwa ameagwa, japo kwa kuchelewa. Lakini wao hawawezi kuamua. Mwenye mke ndiye aseme.

Angalia watu hawa. Kumzika bila kuagwa waliamua wenyewe. Kumfuta, niseme mimi.

"Mzee Eliezeri," mchungaji akasema. "Tumwondoe?"

Ningeomba siku mbili. Ningeomba hata niende kwanza nikasimame kaburini. Lakini kichwani mwangu zilikuwa zile Alhamisi tatu, na kile kicheko alichokipeleka Pasua badala ya nyumbani.

Nikasema, "Mwondoeni."

Wakamwondoa. Jumapili tarehe 17 Machi 2024 wakaupiga wimbo wa kuaga kwenye spika. Sisi wa kwaya ya zamani tuliombwa tusimame mahali petu kwa heshima, tusiimbe. Tukasimama. Pale pa Elisifa, mstari wa pili, wa tatu kutoka dirishani, tukapaacha wazi. Na ukweli lazima niuseme, ubeti wa nne ulipofika shimo lilikuja, shimo kamili, kama limekatwa na panga. Winfrida machozi yakamtoka. Nikasema moyoni, haya, mama, nenda.

Wimbo ukaisha. Sasa ilibidi Winfrida asogee ile hatua moja na kuimba ule mstari mmoja wa kufunga. Lakini mashine haijui kusubiri. Ikaruka ikaingia wimbo mwingine, wa kupiga makofi, na watu wakapiga. Winfrida akaniangalia. Isack naye akaniangalia. Wazee tuliojua desturi tulikuwepo watano, na yeyote angeweza kuinua mkono akasema zimeni hicho chombo. Mimi nikatikisa kichwa, kidogo tu, kumwambia Winfrida akae alipo. Nilitaka wakosee. Nilitaka watu wote waone kwamba waliomzika mke wangu kwa spika hawajui wanachofanya, waje watupigie magoti. Hilo nililifanya. Lakini nani aliwapa kazi ile kama si mchungaji na mwenyekiti wake?

Sauti ya Elisifa haikusikika tena. Wakashukuru.

Kwenye Pasaka ndipo tulipojua. Walituruhusu wazee wimbo mmoja, bila vyombo. Tukaanza, sauti zote nne. Sauti ya tatu ikatoka, besi ikatoka, sauti ya kwanza ikatoka. Sauti ya pili haikutoka. Winfrida na wenzake wawili walikuwa wanaimba: midomo inakwenda, shingo zinapanda na kushuka, jasho linawatoka. Hakuna kilichosikika. Winfrida akishika sauti ya kwanza, inatoka. Akiwa kwake anamenya ndizi anaimba sauti ya pili, mpaka majirani wanaitikia. Akiingia ndani ya kanisa letu akaishika, ni kama mtu anayepuliza ndani ya mfuko usio na mwisho.

Mwezi wa sita ikaja kwaya ya wageni kutoka Himo, watu thelathini na wawili, sare mpya, wanawake tisa wa sauti ya pili. Hatukuwaambia kitu. Eliufoo alikataza tusiwaambie, eti tutawatia hofu bure. Wakaanza vizuri. Ilipofika pa sauti ya pili kuingia peke yao, midomo tisa ikafunguka pamoja, mipana, kama vifaranga kwenye kiota, na kanisa likawa kimya mpaka tukasikia majani ya migomba yanagusana huko nje. Mwalimu wao aliendelea kupunga mkono. Alipunga mpaka mwisho wa mstari. Kisha akawaangalia, akatuangalia na sisi, akakusanya makaratasi yake. Waliondoka bila kula, na ndizi za nyama zilikuwa zimekwisha kupakuliwa.

Fundi wa spika akaletwa kutoka mjini, akasema vyombo ni vizima. Godlove siku hizi hacheki.

Hapo ndipo Isack akaenda kwa mchungaji akamweleza kuhusu ile hatua moja. Mchungaji alikasirika, akauliza kwa nini hatukusema tangu siku ile. Na yeye kwa nini hakuuliza? Lakini akakubali. Jumatano moja saa tisa alasiri tukakutana kanisani, yeye, Eliufoo, Isack, Winfrida na mimi. Tukauimba ubeti wa nne sisi wenyewe, na shimo lake. Tulipomaliza mchungaji akamwashiria Winfrida asogee.

Winfrida akainua mguu. Ulifika katikati ukasimama hewani. Akageuza bega, kama mtu anayetaka kupenya kwenye benchi lililojaa na anaomba kupishwa. Akajaribu tena kwa upande. Kisha akarudi nyuma akafunga kitenge chake upya, polepole, macho chini.

Mchungaji akamuuliza kuna nini.

"Pamejaa," akasema.

Wengine waliogopa. Mimi nilifurahi, na siwezi kukuficha. Nilitoka pale moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba ile. Kama pamejaa, basi Elisifa hajaenda. Yupo, amesimama mahali pake, amekasirika, na ana haki. Mtu aliyekasirika anaombwa msamaha. Hiyo ni kazi ninayoiweza bila mchungaji.

Sisi Wachagga tuna isale, lile jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka na makaburini. Ukimkosea mtu, unalikata, unalifunga fundo, unampelekea. Hata kama umemwaga damu ya ndugu yake. Akiliona mkononi mwako, maneno yanaisha; atalipokea na atasamehe, hata kama analia. Hakuna Mchagga anayelirudisha. Sijawahi kuona, baba yangu hakuwahi kuona.

Nikakata isale lililoota miguuni pa kaburi lake. Saa nne asubuhi nikaingia kanisani peke yangu. Jua lilikuwa linaingia dirishani, vumbi linaelea, kila kitu kinaonekana. Nikasimama mbele ya mahali pale, nikanyoosha mkono na jani. Nikamwambia zile Alhamisi tatu nimezisamehe, na kwamba angeniambia tu, ningenuna wiki moja, si mwezi. Nikamwambia neno lile la mkutanoni, mwondoeni, lilitoka kwenye wivu. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyemzuia Winfrida. Nikasema, nisamehe, mama.

Jani likachukuliwa. Sisemi lilianguka au upepo ulilibeba. Lilivutwa kutoka kwenye vidole vyangu kwa utulivu, kama mtu anavyopokea kikombe. Likabaki pale hewani usawa wa kifua changu, nami nikaanza kumshukuru.

Kisha likarudishwa. Likawekwa kwenye kiganja changu, na mkono ukavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, mpaka vyote vitano. Elisifa alikuwa na mikono midogo, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu la sufuria, gumu kama kokwa. Ninaujua mkono ule. Mkono uliofunga wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa kwangu mimi, mkavu, hauna kovu popote. Na haukuwa na haraka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji nikamweleza. Akaniombea. Eliufoo akaniambia nikapumzike, mambo haya niwaachie wao. Walichofanya ni kuihamishia kwaya upande wa pili wa kanisa, na pale pa Elisifa wamepanga maua ya plastiki kwenye ndoo. Sauti ya pili bado haitoki. Gladness amenisaidia kuandika barua kwa wazee wa kanisa, ikasomwa kikaoni, wakasema imepokelewa, wakaingia ajenda ya paa. Nimepeleka ya pili. Nimepeleka ya tatu wiki iliyopita, fupi, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siwaombi waondoe spika, wala sitaki tena kujua nani alikuwa sahihi kuhusu biti na kitabu. Nimewauliza jambo moja tu: kama aliyesimama pale siye, na huku nyumbani kaburi ni kimya, na kwenye flashi hayumo, mke wangu Elisifa mmempeleka wapi?